Jiografia na Mazingira: Neno Moja au Mawili?

Katika mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa Tanzania Bara mwaka 2023 limo somo liitwalo Jiografia na Mazingira. Jina hilo ni zuri, na hapana shaka waliolichagua walikuwa na nia njema. Lakini mtu aliyezoea kupima maneno, kama afanyavyo kila mshairi anapotafuta mizani, hawezi kulipita bila ya kusimama kwenye kiungo kidogo kilichomo katikati, yaani "na". Kiungo hicho huunganisha vitu viwili, na vitu haviunganishwi ila vimekuwa mbalimbali. Je, jiografia na mazingira ni elimu mbili zilizofungwa pamoja kama mashua mbili bandarini, au ni chombo kimoja tulichokipasua wenyewe, kisha tukaanza kukiunga? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Yanamkusudia zaidi mwanafunzi anayeianza elimu hii, ingawa msomaji wa tungo naye atakuta humo mambo yanayomhusu.

Tuanze na maneno yenyewe. Jiografia ni neno la Kiyunani: sehemu yake ya kwanza ni ardhi, na ya pili ni kuandika au kuchora. Aliyelianzisha, kwa tunavyofahamu, ni Eratosthenes, msimamizi wa maktaba kuu ya Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Waarabu walilipokea wakalitamka kwa lafudhi yao, lakini walikuwa na namna yao pia ya kusema: al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alikiita kitabu chake Sura ya Ardhi. Ama mazingira ni neno letu wenyewe. Limetokana na kuzinga na kuzingira, yaani kuzunguka kitu pande zote. Mtu wa bara huenda akahitaji kuelezwa maana yake; mtu wa kisiwani haelezwi, kwani kila asubuhi anapofungua dirisha huona kilichomzingira.

Sasa na tutazame maneno manne ambayo kila mtoto huyajua kabla ya kuingia darasani: mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Mawili ya mwanzo tumeyapata kwa Waarabu, na asili yake ni mahali pa kuchomoza na mahali pa kuchwea jua. Mawili ya mwisho ni ya hapa hapa pwani. Kaskazini ni upande unakotoka upepo wa kaskazi, unaovuma tangu kiasi cha Disemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusini ni upande wa kusi, unaoshika nguvu baada ya Aprili na kuvirudisha vyombo hivyo kwao. Manahodha wa zamani walisema pia kibla kwa maana ya kaskazini, kwa kuwa Makka ipo upande huo ukiwa pwani yetu, na suheli kwa maana ya kusini, kwa jina la nyota ing'aayo upande huo. Basi Mswahili hakuujua upande wa dunia kwa sindano ya dira peke yake. Aliujua kwa jua, kwa nyota, kwa ibada, na zaidi ya yote kwa upepo uliompiga usoni. Mtu anayesema leo "Korea Kaskazini" au "Afrika Kusini" anazitaja pepo mbili za Bahari ya Hindi, ajue asijue. Katika lugha yetu, mazingira yalikuwamo ndani ya jiografia kabla hapajawa na "na".

Na pepo hazikuwa mbili tu. Palikuwa na matlai ya mashariki na umande utokao bara alfajiri. Kati ya kaskazi na kusi kulikuwa na tanga mbili, wakati ambao upepo haujaamua uende wapi. Kulikuwa na demani, kusi inapopoa na bahari ikawa safi kwa safari. Kwa hesabu ya siku palikuwa na mwaka wa jua wenye siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi, na siku zake zikahesabiwa kwa miongo, yaani kumikumi. Mkulima alijua mbegu gani hupandwa mwongo gani, na mvuvi alijua mwongo upi usiaminike. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, ambayo wageni huitazama kama mchezo wa mapigano ya migomba, ni kumbukumbu ya kalenda hiyo. Kwa kuwa mwaka huo hauongezwi siku kila baada ya miaka minne, huteleza polepole ukilinganishwa na majira, nao wazee walilijua hilo wakalizingatia katika hesabu zao.

Mwanafunzi asidhani hata hivyo kwamba nataka kumwambia jiografia yote ilianzia kwetu. Elimu hii imejengwa na mikono mingi, na sehemu yake ya kupima hatuna budi kuipokea kwa heshima. Eratosthenes alisikia kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku ya jua kuwa juu kabisa kwa mwaka vitu havina kivuli adhuhuri, na jua huangaza hadi chini ya kisima. Siku hiyo hiyo Alexandria, kivuli cha kijiti kilionyesha pembe ambayo ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wayunani. Akazidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia nzima: stadia 250,000. Alitumia kijiti, kivuli na hesabu. Jambo hilo linaweza kurudiwa katika uwanja wa skuli yoyote ya Unguja au Pemba, kwani visiwa vyetu vipo kiasi cha digrii 5 hadi 6 na nusu kusini ya ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika siku za mwanzo za Oktoba. Siku hiyo kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli kwa muda mfupi wa adhuhuri. Mwanafunzi aliyekiona kivuli hicho kikitoweka chini ya mkono wake hataihitaji tena sentensi ya kukariri juu ya umbo la dunia.

Wayunani hao walitujua pia. Kitabu kidogo cha wasafiri wa karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinataja soko la Rhapta katika pwani yetu, kikieleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Aliyeuona mtepe, au hata mfano wake katika makumbusho, atajua kinazungumzwa nini. Mwaka 1154 al-Idrisi alimaliza kitabu chake na ramani zake huko Palermo kwa amri ya mfalme Roger wa Sisilia. Na ramani hizo zimechorwa kusini ikiwa juu na kaskazini chini. Mwanafunzi aigeuze ramani yake ya ukutani aitazame hivyo japo mara moja. Atafahamu kwamba juu na chini ya karatasi ni mapatano ya watu.

Nafika sasa kwa mtu ambaye kila mpenzi wa ushairi anapaswa kumjua. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliishi katika karne ya 15 na alikuwa mwalimu wa bahari. Neno hilo, mu'allim, ndilo Waarabu walilomwitia rubani wa masafa marefu, na ndilo asili ya mwalimu wetu wa darasani. Ibn Majid aliandika kitabu kikubwa cha nathari kiasi cha mwaka 1490, lakini sehemu kubwa ya kazi zake ni mashairi. Mojawapo, iitwayo al-Sufaliyya, inaeleza njia ya bahari kutoka Bara Hindi na kuteremka pwani yetu hadi Sofala. Kwa nini ushairi? Kwa sababu usiku, bahari ikichafuka, hakuna awezaye kufungua kitabu. Vina na mizani vilikuwa kamba ya kufungia maarifa yasianguke majini. Nyota zilipimwa kwa vidole, na idadi ya vidole ilitiwa ndani ya beti. Msomaji na aizingatie hali hii: kadiri chombo kinavyoteremka kusini, ile nyota ya kaskazini inayosifiwa na mabaharia wa Ulaya hushuka, kisha huzama kabisa chini ya upeo wa macho. Hapa petu haionekani. Marubani wa pwani hii walilazimika kutafuta nyota nyingine. Wahenga waliposema usisafirie nyota ya mwenzio walikusudia bahati ya mtu, lakini baharini maneno hayo yalikuwa kweli tupu.

Maarifa hayo ya mdomoni ndiyo yaliyoingia katika ramani za Ulaya. Mmisionari Jakob Erhardt, alipokaa Tanga mwaka 1854, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliosafiri kwa njia za kaskazini, za kati na za kusini wote walimwambia kwamba safari zao ziliishia kwenye maji makubwa. Mwaka 1856 dunia ikaonyeshwa ramani yake na ya mwenzake Rebmann, ikiwa na ziwa moja kubwa mno, lililopinda kama konokono asiye na kombe. Wataalamu wa London walibishana sana. Burton na Speke walitoka Unguja mwaka 1857, wakafika Ujiji mwaka 1858, na baadaye mwaka huo huo Speke akaiona Nyanza. Mwaka 1859 Livingstone akafika Nyasa. Kumbe maziwa yalikuwa matatu. Wafanyabiashara hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza ziwa lake. Ramani ndiyo iliyoyachanganya, kwa kuwa mchoraji aliyapokea maneno bila ya kutembea mahali pake. Hapo tunaona hatari ya kuitenga sura ya ardhi na maisha ya wanaoijua.

Mtengano huo ulizidi. Jiografia ilipopata viti katika vyuo vikuu vya Ulaya iligawanywa: upande mmoja maumbile, yaani milima, mito, mawe na hali ya hewa, upande wa pili binadamu, yaani miji, biashara na mipaka. Wakatokea pia waliojaribu kuziunganisha pande hizo kwa njia mbaya. Friedrich Ratzel huko Ujerumani, na mwanafunzi wake Ellen Churchill Semple wa Marekani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1911, walifundisha kwamba mazingira humfinyanga binadamu na kumpa tabia. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kusema kwamba joto huzaa uvivu na baridi huzaa akili, na fikra za namna hiyo zilitumiwa kuhalalisha ukoloni. Mfaransa Paul Vidal de la Blache alijibu kwamba maumbile hutoa nafasi tu, na binadamu ndiye achaguaye.

Kabla ya hao wote, hata hivyo, alikuwapo mtu aliyeliona jambo kwa ukamilifu wake. Alexander von Humboldt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1769, alifika mwaka 1800 kwenye ziwa la Valencia nchini Venezuela. Wenyeji walishangaa kwa nini maji yanapungua mwaka hadi mwaka, na baadhi yao walidhani kuna tundu chini ya ardhi linaloyanywa. Humboldt alitazama vilima vilivyozunguka akaona vimekatwa miti, akatazama vijito akaona vimegeuzwa kunywesha mashamba. Akaeleza kwamba msitu huhifadhi maji na kivuli, na ukiondoka, mvua hushuka kwa fujo, huchukua udongo, na chemchemi hukauka. Miaka miwili baadaye alipanda mlima Chimborazo, na katika mchoro alioutoa mwaka 1807 akaonyesha jinsi mimea inavyobadilika tabaka kwa tabaka tangu bondeni hadi thelujini. Mwaka 1864 George Perkins Marsh wa Marekani akaandika kitabu kizima juu ya madhara ya mkono wa binadamu katika ardhi. Hapo ndipo penye mizizi ya tawi tuliitalo jiografia ya mazingira. Kazi yake ni kuuliza swali lenye pande mbili: mahali panamfanya nini mtu, na mtu anapafanya nini mahali?

Kuuliza hivyo hatuhitaji Chimborazo. Sisi tuna tabaka zetu, nazo hazipimwi kwa urefu wa mlima bali kwa kujaa na kupwa kwa maji. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Ukisimama kwenye ghuba kama ya Chwaka na kutazama tangu baharini kuja nchi kavu, aghalabu utaukuta kwanza mlilana, ambao hustahimili kufunikwa na maji na ambao mizizi yake huchomoza matopeni kuvuta hewa. Kisha mkoko wenyewe, umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Nyuma yake mkandaa, uliotumika kutia ngozi rangi, na kuelekea juu, penye chumvi kali na maji machache, mchu. Mtu mgeni huiita yote mikoko. Aliyezaliwa hapo huyataja majina, na kila jina ni alama ya kina cha maji. Majina manne yaliyopangwa ni ramani, ingawa haijachorwa.

Miti hiyo ndiyo iliyojenga miji yetu. Boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji zilipakiwa katika majahazi kwa karne nyingi, zikaezeka nyumba hapa na huko Arabuni na Ghuba, nchi ambazo miti ni haba. Msomaji aliyeingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe atakumbuka kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi sana mita 3, kwani boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi. Urefu wa mti wa matopeni ukawa upana wa chumba cha bwana harusi. Na mwaka 1982 Kenya ilipokataza kuuza boriti nje ya nchi, ilikuwa kwa sababu mkono nao ulikuwa umeufanya msitu jambo lake.

Mfano wa pili ni visiwa vyetu viwili. Unguja na bara hutenganishwa na mkondo usio na kina kikubwa. Zama za barafu, bahari ilipokuwa chini, vilikuwa nchi moja. Pemba imezungukwa na maji ya kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana Unguja ina kima punju, jamaa wa kima wekundu wa bara, na Pemba ina popo wake mkubwa ambaye hapatikani mahali pengine duniani. Udongo nao si mmoja: mashariki ya Unguja ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ilhali Pemba ina vilima na mabonde ya udongo wa kina. Hata hivyo, mwanzoni karafuu ilishamiri zaidi Unguja, magharibi mwake, karibu na mji na watawala. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipiga. Mikarafuu mingi sana ya Unguja iling'oka. Ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Bei ikapanda, wenye mali wakageukia Pemba, na Pemba ikawa kisiwa cha karafuu hadi leo.

Je, ni upepo ulioamua? Upepo uliangusha miti. Lakini waliopanda na kuchuma huko Pemba walikuwa kwa wingi watumwa, na walikuwa hivyo kwa sababu ya sheria na faida za watu. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897. Maumbile yalitoa tukio. Binadamu walilijibu kwa mfumo waliokuwa nao, na mzigo ukawaangukia wanyonge. Mwanafunzi akiufahamu mfano huu, amewajibu Ratzel na Vidal wote wawili, na hakuhitaji kutoka nje ya Unguja na Pemba.

Jambo hili si la jana. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu milioni 1.3 Zanzibar, ya mwaka 2022 iliwahesabu karibu milioni 1.9. Watu hao wanataka nyumba, na nyumba inataka mchanga, mawe na miti. Matumbawe ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yalipauka na kufa kwa wingi kwa joto la bahari mwaka 1998, na yameungua tena zaidi ya mara moja tangu hapo. Katika baadhi ya mabonde ya Pemba maji ya chumvi yanaingia makondeni mwa mpunga. Vijana wanaosoma leo ndio watakaoamua wapi pajengwe, mti gani ukatwe na upi uachwe. Wataamuaje juu ya mti wasioweza kuutofautisha na jirani yake? Lugha inapopoteza mlilana na mchu ikabaki na "miti ya pwani" tu, msitu umekwisha kukatwa mara moja kabla ya shoka kufika.

Kwa hiyo ninawaomba walimu, kama kauli ya mtu aliyejisomea mwenyewe ina uzito, wafanye mambo matatu yasiyohitaji fedha. Wapeleke wanafunzi pwani siku ya bamvua, pamoja na mvuvi au mama mchokoa pweza, wakayaandike majina. Wasimamishe kijiti uwanjani mwezi wa Machi na wa Oktoba. Na wawaulize wazee hesabu ya miongo, wayaandike majibu pamoja na tarehe. Ama washairi wenzangu, kazi yetu tumekwisha kuonyeshwa na Ibn Majid: maarifa yanayohitajiwa na wengi yatiwe katika beti zinazoimbika.

Ile "na" katika jina la somo na ibaki, madhali wizara imeiweka. Lakini mwalimu anapoliandika jina hilo ubaoni, na awaambie watoto kwamba neno kaskazini limeanza na upepo, kisha awatoe nje wautafute unakotoka.